Kilio cha Mgeni Kiheshimiwe

Nchi ya Mapokezi haiko mbali na hapo ulipoketi, ingawa ukiitafuta kwenye ramani utachoka bure. Ni nchi ya watu wema. Wema wao umeandikwa kwenye katiba, umechapwa kwenye noti na umetiwa katika ubeti wa pili wa wimbo wa taifa. Kiongozi wao hawamwiti rais, kama mataifa mengine yenye majivuno. Wanamwita Mpokeaji Mkuu. Picha yake, amekunjua mikono tayari kukumbatia, imetundikwa katika kila ofisi, na chini yake kwa kawaida pameandikwa: Usiingie Bila Kuitwa.

Majenerali wawili wa nchi jirani ya Karanda walipogombana juu ya nani kati yao anaipenda Karanda zaidi, na kila mmoja akaanza kuipiga mizinga ili kuthibitisha mapenzi yake, Wakaranda walifunga vitu vyao wakavuka milima wakaja Mapokezi. Wakapokelewa. Mpokeaji Mkuu alitoa amri kwamba asiwepo mtu wa kuwaita wakimbizi, maana neno hilo linaumiza. Waitwe Wageni Wapendwa. Na kwa kuwa si adabu kumchosha mgeni, wakakatazwa kazi zote za mshahara. Na kwa kuwa si adabu kumwacha mgeni apotee njia, wakajengewa makazi yaliyozungushiwa seng'enge pande zote, yakaitwa Mapumziko. Getini waliwekwa askari wenye bunduki, nao walikuwa wamepelekwa kozi ya kutabasamu.

Katika mji ulio karibu na Mapumziko kulikuwa na Hospitali Kuu ya Upole, na katika hospitali hiyo kulikuwa na mkunga aliyeitwa Sista Perusi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye sauti ya kufukuzia kuku na mikono ambayo wanawake wa mji mzima waliijua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka. Wodi yake ilikuwa na vitanda vichache na wazazi wengi, wakalala wawili wawili, mzungu wa nne, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Na Wageni Wapendwa walipoanza kuja kujifungua hapo, Perusi aliwahesabu kama adhabu aliyoletewa yeye binafsi.

Aliwafokea. Aliwauliza kama kwao hakuna kliniki, hakuna sabuni, hakuna kupumzika kuzaa. Akianza sentensi kwa "nyinyi watu," wauguzi wenzake walijua itafika mbali. Lakini mikono yake haikujua kuchagua. Alimpapasa tumbo Mkaranda kama alivyompapasa Mmapokezi, akamkandamiza mgongo huku akimtukana, akamfuta jasho huku akimlaumu kwa kutoka jasho. Wanawake wa Mapumziko wakawa wanaambiana: yule mwenye kelele, muulizieni yule.

Mbele ya hospitali, kwenye baraza la duka lililofungwa, alikaa mwanamke wa Kikaranda, fundi cherehani aliyeitwa Mawizo. Askari wa getini walimruhusu kutoka asubuhi kwa sababu aliwashonea vifungo vya sare zao, na kushona vifungo, kwa tafsiri yao, hakukuwa kazi bali shukrani. Perusi alimwendea na gauni lake la kazi lililombana, akalalamika kwamba siku hizi vitambaa vikifuliwa vinasinyaa ovyo. Mawizo akamtazama kutoka begani hadi nyongani bila hata kushika tepu.

"Dada, gauni halina kosa," alimwambia. "Limebaki lilivyokuwa."

Perusi alikuwa hajachekeshwa muda mrefu. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Tangu hapo, akitoka zamu, alipita pale na chai kwenye chupa, wakanywa pamoja, mmoja akieleza vituko vya wodini, mwingine akikanyaga cherehani. Mawizo alikuwa amejifunza Kimapokezi kwa kuwasikiliza wateja, akakisema vizuri kuliko madiwani, ila alikaza herufi kidogo mahali wenyeji wanapozilegeza. Ni hapo barazani alipomsimulia habari ya mtoto wake wa kwanza. Alizaliwa kwa kisu huko Karanda, katika hospitali ambayo paa lake lilikuwa limeshapigwa. Alikufa njiani, milimani. Mawizo alijua kwamba amekufa na akaendelea kumbeba mgongoni, kwa sababu wote waliokuwa naye walikuwa wakikimbia na hapakuwa na mahali pa kusimama.

Perusi, mwenye maneno kwa kila jambo, alipata moja tu. Akasema pole. Akammiminia chai nyingine ingawa kikombe bado kilikuwa kimejaa, ikamwagika kwenye kitambaa cha mtu.

Mawizo aliposhika mimba tena, Perusi ndiye wa kwanza kuambiwa, hata kabla ya mama mzazi wa Mawizo, Bi Ntareme, aliyekuwa akiishi naye Mapumziko. Mume, Habiro, alikuwa ameteremka mbali machimboni kutafuta kibarua cha kujificha. Perusi alimwonya kama anavyomwonya mdogo wake wa tumbo moja. Kovu lile la zamani si la kuchezea, alimwambia. Uchungu ukianza tu, usikae, usingoje, njoo.

"Nikifika nimwambie nani?"

"Utamwambia nani tena? Uniulizie mimi."

Mambo yangeenda hivyo, kama huruma isingeingilia kati.

Ilitokea kwamba Wafadhili, wale wanaowapa Wamapokezi fedha za kuwa wakarimu, walipima huruma ya nchi mbalimbali, na Mapokezi ikashika mkia. Ripoti ilisema wauguzi wa Mapokezi huwafokea wahamiaji na hawajali mila zao. Taifa liliumia. Magazeti yakauliza ni nani aliyelichafua jina la nchi, na Waziri wa Afya na Tabasamu, Mheshimiwa Bonifasi Lugendo, akaunda Tume ya Kuzijua Mila za Wageni. Kwa kuwa barabara ya kwenda Mapumziko ilikuwa mbovu, Tume ilikwenda kujifunza mila za Wakaranda katika visiwa viwili vyenye hoteli nzuri, ikarudi imeungua mabega na imeshazijua zote.

Wauguzi wakaitwa semina. Mkufunzi alikuwa Dokta Kalokola, mtaalamu wa Wageni, mtu mpole mwenye sauti ya asali, ambaye hakuwahi kukutana na Mgeni lakini alikuwa amewawazia sana. Aliwafundisha kwamba Mkaranda haangaliwi usoni, kwa kuwa kwao ni matusi. Muuguzi amhudumie huku akitazama ukutani. Aliwafundisha kwamba Mkaranda haulizwi habari za mwili wake, maana mwili kwao ni siri ya ukoo. Aliwafundisha kwamba Mkaranda anachukia kisu, basi asipelekwe chumba cha upasuaji mpaka Baraza la Wazee wa Mila likubali, na Baraza hilo lingeteuliwa mara bajeti itakapopita. Akawafundisha kwamba hata Mgeni akisema Kimapokezi asisikilizwe, kwa kuwa kumsikiliza mtu katika lugha isiyo ya mama yake ni kumdhalilisha, angojewe mkalimani.

Kisha akafika kwenye jambo kubwa, akavua miwani.

"Mwanamke wa Kikaranda analia," alisema Dokta Kalokola. "Mnasikia anapiga yowe, mnadhani ni maumivu. Hapana, ndugu zangu. Ni mila. Anaiimbia mizimu yake. Wewe ukimkimbilia na sindano, unamkatiza katikati ya sala. Mwacheni. Kilio cha Mgeni kiheshimiwe."

Mkono mmoja uliinuka. Ulikuwa wa Perusi. Aliuliza, kwa adabu yote aliyokuwa nayo siku hiyo, je, kama huyo Mgeni anaumwa kweli?

Dokta Kalokola alimtazama kwa huzuni. Akasema swali hilo ndilo hasa lililoishusha nchi mkiani. Ukumbi mzima ukamgeukia Perusi, naye akaketi, akaona aibu, aibu ya kweli, kama mtu aliyekutwa akimpiga mtoto wa jirani. Akakumbuka kelele zake zote za zamani. Akasema moyoni kwamba labda ni kweli, labda yeye ndiye aliyekuwa mkatili, na sasa ameonyeshwa njia ya kuwa mwema.

Na wema huo, lazima isemwe, ulikuwa mwepesi kubeba. Wauguzi waliupenda mno. Zamani Mgeni akiita ilibidi uinuke. Sasa kuketi ndiyo heshima. Dawa za maumivu zikaanza kubaki kabatini. Wauguzi walipewa vizibao vya shanga vya kuvaa juu ya sare, wakafundishwa salamu ya Kikaranda, "wawele," wakawa wanawasalimu Wageni kwa sauti za kuimba huku wakitazama ukutani. Na Wageni, ambao hawakuwahi kulisikia neno hilo popote, waliitikia kwa hofu, wakidhani ni jina la ugonjwa. Perusi naye akaacha kufoka. Sauti yake ikawa laini kama ya Dokta Kalokola. Hakusema tena "nyinyi watu." Na kwa kuwa hakufoka tena, hakusogea tena, na kwa kuwa hakusogea, ile mikono yake ikawa inashinda mifukoni.

Barazani kwa Mawizo alizidi kupita haraka. Shughuli ni nyingi, alimwambia, na semina haziishi. Mawizo hakumlaumu. Alisema tu kwamba siku hizi Dada amekuwa mpole sana, akaongeza, akiwa ameinamisha kichwa kwenye sindano, kwamba anamkumbuka yule mwenye kelele.

Hospitali ikajenga Chumba cha Mila. Mkandarasi alikipamba kwa ngozi za ng'ombe, vibuyu, ngoma ya kununua sokoni, na ukutani akachora pundamilia anayetabasamu. Kilikuwa chumba kizuri chenye kitanda kipya cha kujifungulia, na kilikuwa kitupu siku zote, kwa sababu Wageni wenyewe walikiogopa. Na hapo ndipo Waziri alipotangaza kwamba anakuja na Wafadhili kukizindua.

Asubuhi ya uzinduzi Mawizo alifika hospitalini akiwa ameshika kiuno, ameegemea ukuta wa kibanda cha mlinzi. Uchungu ulikuwa umeanza alfajiri, na alikuwa amefanya kama alivyoambiwa: hakukaa, hakungoja. Bi Ntareme alikuwa amezuiwa getini Mapumziko, maana kibali kilikuwa cha mtu mmoja. Mawizo akamuulizia Perusi, na Perusi akaitwa.

Kwa dakika chache alikuwa Perusi wa zamani. Alimshika mkono, akamkalisha, akaenda moja kwa moja kwa Matroni Leokadia, akamwambia huyu ana kovu la upasuaji, aonwe na daktari sasa hivi, asiachwe apambane na uchungu. Matroni alikuwa akipachika maua kwenye kizibao chake. Alipomwona Mawizo pale benchini uso wake ulifunguka kama mtu aliyeletewa zawadi.

Matroni hakuwa mchawi. Alikuwa na hofu zake. Magari ya Waziri yalikuwa yameshaingia mjini, na Chumba cha Mila hakikuwa na Mgeni. Alimvuta Perusi kando, akamwambia kwa upole kwamba uchungu wenyewe ndio kwanza unaanza, mtoto yuko mbali, na daktari mwenyewe yuko kwenye gwaride la mapokezi. Waziri akishaondoka mgonjwa atapelekwa, yeye mwenyewe atamsukuma. Na tena, akauliza, upasuaji bila Baraza la Wazee? Mbele ya Wafadhili? Perusi alitaka kujifukuzisha kazi kwa mkono wake mwenyewe?

Perusi alipima. Alijiambia kwamba ni kweli, bado mapema. Alijiambia kwamba atakaa karibu. Akavaa kizibao chake cha shanga, akampeleka Mawizo ndani.

Mawizo alizungusha macho: ngozi, vibuyu, pundamilia.

"Dada, hapa ni wapi?"

"Ni kama kwenu," Perusi alisema. "Wamekutengenezea ujisikie uko kwenu."

Mawizo alimtazama pundamilia kwa muda. Kisha akapanda kitandani polepole, akawa mwenye adabu, kama mtu aliyekaribishwa kwenye nyumba asiyoijua.

Saa za mwanzo alikuwa kimya. Aliuma upindo wa kanga, akapumua kwa pua, hakutoa sauti. Matroni alipita mara kwa mara mlangoni akanong'ona kwamba Mgeni huyu hafanyi mila. Kisha Waziri akaingia, na Wafadhili nyuma yake, na Dokta Kalokola, na wapiga picha, na mkalimani wa wizara, Bwana Jafeti, mpwa wa Waziri, kijana wa suti ambaye alijua Kikaranda kwa cheti. Waziri alianza hotuba. Alisema katika Mapokezi mgonjwa si mwili tu, ni utamaduni uliolala kitandani. Alisema wao hawatibu maumivu, wanatibu mtu, na wakati mwingine kumtibu mtu ni kuyaachia maumivu yake nafasi.

Hapo ndipo Mawizo alipolia.

Kilikuwa kilio kimoja kirefu, kilichoanzia chini mahali Perusi alipopajua, na vibuyu vikatetemeka ukutani. Waziri alinyamaza. Mmoja wa Wafadhili, mwanamke mrefu mwenye shali, alijishika kifua. Dokta Kalokola aliinua kidole, akanong'ona, "Sikilizeni," na wote wakasikiliza, macho yameelekezwa ukutani kwa heshima. Mawizo alilia tena, na kwa mara ya tatu, kisha akageuza uso akamtafuta Perusi kati ya wale watu.

"Dada," alisema kwa Kimapokezi kisicho na doa. "Ndani kumechanika. Si uchungu huu. Mshono umefumuka."

Perusi aliruka hatua moja mbele. Mkono wa Matroni ukamshika kiwiko, kwa ulaini tu. Waziri, aliyependa mambo yafuate utaratibu, alimwashiria Bwana Jafeti, na Bwana Jafeti akakohoa.

"Anasema anashukuru kwa mapokezi," alifasiri. "Pia amegusia kwamba yeye ni fundi wa kushona."

Wafadhili walipiga makofi, taratibu, kama wanavyopiga makofi watu waliokuwa na machozi.

"Dada Perusi," alisema Mawizo. "Niangalie."

Perusi alikuwa amesikia. Kila neno alikuwa amelisikia, na kila neno alilielewa. Watu waliokuwa mle ndani walikuwa wengi na wakubwa, kamera zilikuwa zimeelekezwa, na yeye alikuwa amefundishwa. Akawaza: wakitoka tu. Wanatoka sasa hivi. Akatazama ukutani.

Walichukua muda kutoka, maana kulikuwa na picha za pamoja. Mawizo hakulia tena. Dokta Kalokola alieleza kwamba ukimya huo ni sehemu ya mila, ni pale mizimu inapojibu, na Wafadhili wakatoka kwa ncha za vidole. Mlango ulipofungwa Perusi alikivua kizibao, shanga zikakatika zikamwagika sakafuni, akamrukia, akaweka viganja vyake juu ya tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao. Uchungu ulikuwa umekoma wote kwa pamoja. Akaegemeza sikio kutafuta moyo wa mtoto, akahama, akahama tena, hakuna. Midomo ya Mawizo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu na mapigo yake yalikuwa yakipotea chini ya vidole.

Alipiga kelele zile zake za zamani. Aliamsha hospitali nzima. Alikisukuma kitanda mwenyewe katikati ya mazulia mekundu na watu walioshika sambusa, akamtukana daktari kwa jina la mama yake mpaka akaacha sahani yake akamfuata mbio. Korido yote alikuwa akizungumza na Mawizo, anamfokea, nyinyi watu, anamwambia, nyinyi watu mna nini, fungua macho, nani amekwambia ulale. Na Mawizo, nadhani, alimsikia, kwa sababu kona ya mdomo wake ilisogea kidogo, kama mtu anayetaka kucheka na hana nafasi. Alifariki kabla hawajamfikisha mezani. Mtoto alikuwa wa kike, alikuwa amemtangulia.

Kwa kuwa Mapokezi ni nchi ya sheria, paliundwa Tume ya Uchunguzi. Mwenyekiti wake alikuwa Dokta Kalokola, kwa kuwa hakupatikana mwingine anayewajua Wageni. Tume ilisikiliza mashahidi kwa heshima, ikala vizuri, ikaona kwamba marehemu alifariki kwa mila, na kwamba familia ipewe taarifa ya kufariji: binti yao aliaga dunia akiimba.

Perusi aliomba kusema. Alisimama na gauni lake la kazi, akasema marehemu hakuwa anaimba. Marehemu alisema kwamba ndani kumechanika. Alimwambia yeye, kwa Kimapokezi, na yeye alimsikia na alimwelewa, wala hakufanya kitu.

Wajumbe walitazamana. Dokta Kalokola alimuuliza kwa ile sauti yake ya asali kama wakati huo mkalimani alikuwepo. Alikuwepo, akajibu Perusi. Na mkalimani alisema nini? Perusi akasema mkalimani alisema upuuzi.

"Basi kwa mujibu wa mwongozo, Sista," alisema Dokta Kalokola, "hukusikia. Usijitese."

Alisema hivyo kwa wema kabisa, na hilo ndilo lililomshinda Perusi. Alikuwa amejiandaa kufungwa, kufukuzwa, kutemewa mate. Badala yake walimtunuku Nishani ya Utulivu, kwa kutomkatiza Mgeni mbele ya Wafadhili. Mapokezi ilikuwa imepanda kutoka mkiani hadi nafasi za katikati, na Mheshimiwa Lugendo alimpachika nishani kifuani kwa mkono wake, akamwambia awe mfano. Alitoka nje akiwa nayo. Mikono yake haikuwa na nguvu ya kuibandua.

Hakwenda nyumbani. Alipita baraza la duka, ambapo cherehani ilikuwa imeshachukuliwa, akaendelea na barabara mbovu ile iliyoishinda Tume. Haikuwa ndefu. Askari wa getini alimtabasamia, akaisalimu nishani, akamfungulia.

Bi Ntareme alikuwa nje ya kibanda chake anapepeta mchele. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, mwenye macho ya binti yake. Alikuwa ameshazika. Watu wa wizara walikuwa wamekuja na shada la maua na taarifa ile ya kufariji, na yeye alikuwa ameipokea kwa mikono miwili akawashukuru. Hakuwa amelia. Majirani walisema hata kaburini hakulia. Alimtazama Perusi na gauni lake la kazi, akajua ni nani bila kuambiwa, kwa jinsi lilivyomkaa.

Perusi alipiga magoti, akasema "shikamoo, mama," akaitikiwa. Kisha akasema aliyokuja kusema, bila kupunguza. Kwamba kovu alilijua. Kwamba aliahidi. Kwamba alisimama karibu kiasi cha kunyoosha mkono, na hakunyoosha. Alizungumza akitazama mchele. Mwisho akajilazimisha kuinua macho.

Bi Ntareme aliweka ungo chini.

"Waliniambia aliimba," alisema. Kimapokezi chake kilikuwa cha kuokoteza, akawa anakitoa neno moja moja. "Nikasema, wimbo gani? Mawizo hajui kuimba. Sasa unaniambia alilia. Alilia kwa sauti?"

"Kwa sauti, mama."

"Watu walisikia?"

"Walisikia."

Mama yule alikung'uta pumba viganjani. Kisha akamweleza, kwa utaratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba kwao mwanamke halii akiwa na uchungu. Anauma nguo. Mama anamfundisha binti yake tangu mdogo kuuma nguo. Yowe linawekwa akiba kwa ajili ya siku moja tu, siku ya kifo, ili likitoka kila anayelisikia ajue. Na anayelisikia anaacha alichoshika, awe adui, awe amenuniwa na mwenye kulia miaka, anaacha anakimbia. Hakuna anayeuliza ni nani. Hata wale askari wa majenerali, alisema, kule milimani, walipomsikia mwanamke analia, wengine walikimbilia.

"Alilia mara ngapi?"

Perusi alimwambia.

"Mara tatu," alisema Bi Ntareme. "Alidhani hamjasikia."

Hakumlaani. Hakumfukuza. Aliokota ungo wake, akautazama, akamwambia basi, umesema, nenda sasa. Perusi akainuka. Magoti yake yalikuwa yamejaa vumbi na hakuyafuta. Alitembea kwenye kichochoro kati ya vibanda kuelekea getini, jua likiwa bado juu, akina mama wamekaa vibarazani na vyungu vyao vya mchana mekoni.

Alikuwa amekaribia seng'enge alipoisikia. Sauti ilitoka kule alikotoka, moja, ndefu, sauti ya mwanamke mtu mzima aliyekuwa ameitunza maisha yake yote.

Na Mapumziko yote yakainuka. Mwanamke aliyekuwa akisuka aliacha kichwa cha mtu nusu, akakimbia, na mwenye kichwa akakimbia naye. Chungu kiliachwa kikimwagikia moto. Mmoja alitoka na povu la sabuni mpaka viwikoni, mwingine na mtoto bado anaye titini, vikongwe wakiwa na fimbo, wanaume wakatupa karata, wakampita Perusi kushoto na kulia, wakamgonga mabega, bila mmoja kumwona. Hakuna aliyekuwa akiuliza ni nani.

Askari wa getini alitoka kibandani akashika mkanda wake, akatazama vumbi lile kwa furaha.

"Wageni wetu leo wamechangamka, Sista," alisema. "Nadhani wana ngoma."

 Perusi aligeuka akakimbia, na mwili wake ule mzito, viatu vya zamu vikimchapa visigino, ile nishani ikimdunda kifuani. Alifika wa mwisho. Walikuwa wameshamzunguka Bi Ntareme safu juu ya safu, mikono juu ya mabega, na mduara ulikuwa umefungika. Alisimama nje ya mduara, anahema, mikono imenyooshwa mbele haina pa kushika. Hakuna aliyemwambia aondoke, na hakuna aliyemsogelea.